Safari ya jahazi kutoka kwenye karatasi kwenda redioni

MASWALI YA WASOMAJI

Swali

Dada, shikamoo. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tanga. Mwaka 1983, nikiwa kijana wa miaka 20, nilivuka mkondo wa Pemba na jahazi la mjomba wangu kutoka Pangani kwenda Wete. Tulipakia mbao na magunia ya mahindi. Usiku kamba ya joshi, ile inayoshika tanga upande wa upepo, ilikatika, mkondo ukatuchukua kaskazini, tukaponea chupuchupu kupanda mwamba karibu na kisiwa cha Fundo. Mjomba amekwisha kufariki, na safari ile nimeiandika ili wajukuu waijue. Imefika kurasa 14 za mkono.

Redio moja ya jamii wamepata habari, wameniomba nikaisome mwenyewe. Wamenipa dakika 15. Nilipoisoma nyumbani kwa sauti ilichukua karibu dakika 40, na mke wangu, ambaye alipoisoma kwa macho aliipenda sana, safari hii alinikatiza kila mara: "Nani tena huyo?" Nikate nini, nibakize nini? Na niwaombe waweke sauti ya mawimbi ili hadithi ichangamke? Nakutumia nakala nzima.

Mwalimu, Tanga

Jibu

Marahaba, Mwalimu, na pole kwa kuondokewa na mjomba.

Nakala yako nimeisoma yote. Ukurasa wa 9 nimeurudia, maana katikati yake umeandika sentensi moja kisha ukapita: "Nahodha alituamuru tunyamaze ili asikie mwamba uko upande gani." Mimi sikuweza kupita. Giza, tanga limetuliwa, jahazi linachukuliwa na mkondo, watu wote chomboni wamefunga midomo, na mzee mmoja ametega sikio asikie mawimbi yanavunjikia wapi. Hadithi yako iko hapo. Tena ilikuwa ya redio tangu siku ilipotokea, kwa sababu usiku ule ulikuwa mahali pale pale atakapokuwa msikilizaji wako: huoni kitu, unasikia tu, na unataka kujua kama mtafika.

Kwa hiyo usishike kalamu nyekundu ukaanza kupunguza kurasa 14. Ukipunguza utapata maandishi mafupi, lakini yatabaki maandishi. Ziweke kando. Chukua karatasi tupu uandike yale uliyoyasikia, kwa mfuatano uliyoyasikia, tangu mlipong'oa nanga Pangani. Mengi umekwisha kuyataja, ila yametawanyika: foromali (ule mti unaobeba tanga) ikisugua mlingoti, kamba ya henza ikilia kwenye gofia (kapi yake), mbao zikigongana kila chombo kinapolala, upo (kata ya kutekea maji) ukikwangua ngamani, chini kabisa ya chombo, mlipokuwa mkifua maji, yule bibi abiria aliyekuwa akisoma Yasini kwa sauti ya chini tangu magharibi. Kisha tanga kupiga. Kisha mvumo wa mwamba, ambao unasema mwanzoni uliudhani ni upepo. Huo ndio uti wa mgongo wa kipindi chako. Habari nyingine zijipatie nafasi kando ya sauti hizo, na ile isiyopata nafasi ibaki kwa wajukuu, kwenye karatasi.

Tupige hesabu ya muda. Msomaji asiyekimbia husoma Kiswahili kwa maneno kama 100 au 110 kwa dakika. Maneno yetu ni marefu, yana viambishi vyake vyote mgongoni. Ondoa mtangazaji anavyokukaribisha na kukuaga, unabaki na dakika 13. Andika maneno 1,300, usizidishe. Nakala yako ina karibu 4,000.

Cha kwanza kuondoka ni kurasa mbili na nusu za historia ya Pangani. Umeziandika vizuri, na mji ule kweli una mambo: Abushiri bin Salim, aliyewapinga Wajerumani, alinyongwa hapo hapo Desemba 1889. Lakini mtu amefungua redio kusikia jahazi, wewe unampa Wajerumani kwa dakika saba. Ataondoka kabla hamjavuka mlango wa mto. Waombe kipindi kingine juu ya Pangani, na hicho nitakisikiliza kwa hamu. Ondoa pia orodha ya vyombo alivyowahi kumiliki mjomba. Mbao na mahindi vibaki, kwa sababu mbao zinagonga, na mahindi yakilowa chombo kinazidi uzito, na uzito huo una kazi kwenye hadithi.

Tuje kwenye sentensi yako ya kwanza. Umeandika hivi: "Ilikuwa ni mwaka 1983, katika msimu wa pepo za kusi, ambapo mimi, nikiwa na umri wa miaka 20, nilipata fursa ya kusafiri kwa jahazi lililokuwa likimilikiwa na marehemu mjomba wangu, ambaye alikuwa nahodha mwenye uzoefu mkubwa, kutoka Pangani kuelekea Wete, Pemba, tukiwa tumebeba shehena ya mbao na mahindi." Kwa jicho haina kosa. Kwa sikio, msikilizaji amebebeshwa mwaka, msimu, umri, mmiliki, sifa za mmiliki, miji miwili na shehena, kwa pumzi moja, wala hana pa kurudi akasome tena. Tena umemwambia mjomba ni marehemu kabla hajamfahamu. Jaribu hivi:

"Tumetoka Pangani baada ya alasiri. Maji yamejaa, kwa hiyo mlango wa mto unapitika. Mjomba wangu ndiye nahodha, ameshika usukani. Mimi nimekaa juu ya magunia ya mahindi, mikono inanuka sifa, yale mafuta ya papa tuliyopaka chombo jana. Nina miaka 20. Sijawahi kuvuka mkondo wa Pemba."

Mwaka 1983 atautaja mtangazaji katika utangulizi. Hiyo ni kazi yake. Chombo kikishashika bahari, ingia kwenye -ka-: tukatweka tanga, tukaelekea mashariki, jua likatua. Hakuna kitu kinachomvuta msikilizaji wa Kiswahili kama -ka- inayofuatana vizuri, na ndiyo maana bibi zetu wakisimulia hadithi hawaiachii. Wewe umeiogopa, umejaza "ilikuwa imekwisha" na "ambapo" ukurasa hadi ukurasa. Siulaumu ualimu, karatasi inadai adabu yake. Redio ina adabu nyingine.

Sasa swali la wifi yangu, "Nani tena huyo?" Mshukuru sana, maana amegusa penye kasoro kubwa kuliko zote. Sikiliza ulivyoandika: "Mnamo saa 8:40 usiku kamba ya joshi ilikatika. Alimwambia ashushe tanga, lakini kabla hajaifikia henza alimpiga kikumbo akaanguka." Hapo wamo watu watatu, mjomba, sarahangi (msaidizi wa nahodha) na kijana wa chomboni, na wote wanapita mbele yangu wakiwa "a-" na "m-" tu. Kwenye karatasi jicho hurudi mstari wa juu likahakikisha. Mimi nilipomsomea mtu mwingine sentensi hiyo, alidhani aliyeanguka ni mjomba. Redioni mtaje mtu kwa cheo chake kila anapofanya jambo jipya, hata ukiona unarudia mno. Sikio halichoki haraka kama unavyodhani. Na mtu akisema, jina lake litangulie maneno yake, kwa sababu alama za usemi hazisikiki. Na kwa kuwa katika ukurasa unaofuata umekiri kwamba kijana huyo alikuwa wewe, sema hivyo tangu mwanzo:

"Pa! Kamba ya joshi imekatika. Tanga likaanza kupiga, jahazi zima linatikisika. Mjomba akapaza sauti: Tueni tanga! Sarahangi akakimbilia henza, ile kamba ya kupandishia na kushushia tanga. Mimi nimesimama njiani, sijui niende wapi. Sarahangi akanikumba. Nikaanguka juu ya mbao."

Ile 8:40 nimeiacha. Hakuna aliyetazama saa. Sema usiku wa manane.

Umeona nilivyofanya kwa henza. Maneno ya chomboni usiyafukuze. Redio yako itasikika kwa watu ambao maisha yao hawajapanda jahazi, lakini hawataki kuwekwa darasani. Neno na lije limeshika kazi yake. "Nikatambaa hadi omo, mbele kabisa, pale chombo kinapopasua maji." Baada ya hapo omo ni lake, utalitumia bila maelezo. Maneno manne au matano ya namna hii yanatosha kwa dakika 13. Huna nafasi ya kumfundisha tofauti ya joshi na demani, upande unakotoka upepo na ule unakoelekea, na hadithi haiihitaji.

Wakati huo huo wako wanaoijua bahari kukushinda wewe na mimi. Wavuvi na mabaharia wa pwani hiyo redio wanayo, wanasikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa juu ya upepo mkali na mawimbi, na ukiwakosea upepo watazima. Katika ukurasa wa 6 unasema ilikuwa Julai, kisha unasema "kaskazi ikazidi." Nadhani kalamu iliteleza. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi hivi. Julai ni kusi tupu. Rekebisha hapo kabla hujakaribia maikrofoni. Kwa wale wa mbali, eleza jambo moja tu, kwa sentensi moja: maji ya mkondo wa Pemba huenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huzidi nguvu, hivyo chombo kisicho na tanga hakikai mahali. Bila sentensi hiyo hawataelewa kwa nini mlikuwa mnaelekea Wete mkajikuta mnausikia mwamba wa Fundo.

Takwimu zako ni nyingi: maili, nyuzi za dira, urefu wa jahazi, tani za mzigo, kina cha maji. Chagua moja. Ningechagua kina, kwa kuwa katikati ya mkondo kinafika mita 800 hivi, na hapo msikilizaji anaelewa peke yake kwa nini nahodha hakutia nanga. Hakuna amari, kamba ya nanga, ya kufika huko chini. Mnasubiri mkondo uwapeleke kwenye maji haba, na kwenye maji haba ndiko kwenye mwamba. Tazama nambari hiyo moja ilivyowafunga watu wote chomboni.

Juu ya sauti ya mawimbi nina msimamo, na wenzangu wa redio wanaujua. Usiiombe. Bahari iliyorekodiwa kwa mbali, ikitoka kwenye spika ndogo ya simu au redio ya jikoni, husikika kama samaki wanaokaangwa. Fundi mitambo mmoja niliyefanya naye kazi alikwenda ufukweni Raskazone, Tanga, alfajiri, akakaa na mashine yake mpaka jua likapanda, na tulipoicheza studio tulitazamana. Ngurumo nayo haitoki. Sauti nzito spika ndogo huzimeza. Zinazotoka vizuri ni sauti kavu, za karibu: kamba kwenye gofia, mbao kwa mbao, upo ukikwangua. Nenda na kijana wa redio pale majahazi yanapofunga, mwombeni nahodha awapandishie foromali kidogo, mrekodi mkiwa karibu kabisa. Maikrofoni ivikwe sifongo, au hata kitambaa, upepo usiipige. Tumieni sauti mbili au tatu, kila moja mahali pake, kisha zizimwe. Sauti ikiendelea chini ya maneno yako kutoka mwanzo hadi mwisho, baada ya dakika mbili haisikiki tena, inabaki kukufunika wewe.

Na pale mjomba anaposema "Nyamazeni," nawe nyamaza. Sekunde tatu, nne. Mwarifu fundi mitambo mapema na umwandikie pale pale kwenye nakala yake, kwa sababu watu wa studio wamefundishwa kuogopa ukimya. Akidhani laini imekatika atapiga muziki na kukuharibia kila kitu. Baada ya sekunde hizo usilete sauti ya mwamba. Leta yako, taratibu, useme uliusikia upande gani na mjomba alifanya nini na usukani.

Kumbuka pia kwamba wapo watakaofungua redio dakika ya sita. Hawana habari ya Pangani wala ya mjomba. Kila baada ya dakika tatu nne warudishie kitu kwa kupita: "mjomba, nahodha wetu," "bado hatujaiona Pemba." Wale waliokuwepo tangu mwanzo hawatahisi kitu.

Mwisho wako sikuupenda. Umewausia vijana waheshimu wazee na bahari, aya mbili nzima. Mjomba amekwisha kuwausia kwa alivyotega sikio. Malizia gatini Wete asubuhi, mnapakua mahindi yaliyolowa, na mjomba anabishana na mwenye mzigo nani abebe hasara. Hilo umeliandika ukurasa wa 13, nalo lina uhai kuliko wosia wote.

Siku ya kurekodi, andika kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, bila pini, ili ukimaliza ukurasa uuteleze kando bila kelele. Kabla ya siku hiyo, mwombe wifi akae chumba cha pili na shughuli zake, wewe usome kwa sauti ya kawaida. Kila atakapouliza "Nani huyo?" tia alama. Siku atakayonyamaza mpaka Wete, nenda.

Swali

Asalaam alaykum. Baba yangu alikuwa baharia wa majahazi ya boriti hapa Lamu. Alivyonihadithia nimeandika kwa Kiswahili sanifu, lakini mabaharia wanaposemezana nimewaacha na Kiamu chao. Mtayarishaji wa kipindi anataka niyageuze yote, eti watu wa bara hawatafahamu. Ni kweli?

Binti wa Amu

Jibu

Waalaykum salaam, mwanangu. Mwambie hapana, kwa heshima. Mabaharia wa Lamu wakizungumza kama wasoma taarifa ya habari, hakuna atakayeamini kwamba walikuwa baharini.

Unachotakiwa kufanya ni kuhakikisha kitendo kinafuata maneno papo hapo. Nahodha akisema "Ndoo upesi, mai yaingia!" (njoo upesi, maji yanaingia) sentensi yako ya pili iwe baba anakimbia ngamani na upo mkononi, maji yakiwa magotini. Mtu wa Dodoma atakuwa ameelewa kabla hajajiuliza. Maneno yasiyo na kitendo nyuma yake, kama mizaha ya usiku au mashairi waliyojibizana, hayo chagua machache na uyafasiri katika usimulizi wako. Na maneno ya Kiamu uyaseme kwa matamshi ya nyumbani. Ukiyalainisha ili yafanane na sanifu, utapoteza pande zote mbili.

Swali

Mama, shikamoo. Nimeandika safari yetu ya mashua kutoka Bagamoyo kwenda Unguja. Nahodha wetu alishikwa na hofu, akamwachia usukani kijana, akakaa chini akalia. Ni kweli tupu, na watu waliosoma wanasema hapo ndipo penye uzito. Sasa inakwenda redioni, naye yu hai. Nifanyeje?

Msomaji, Bagamoyo

Jibu

Marahaba, mwanangu. Waliosoma ni wachache na walikuwa peke yao na karatasi. Redio itasikika dukani, kwenye daladala na nyumbani kwake, mbele ya watoto wake, na mji mdogo hauhitaji jina kumtambua mtu. Kumficha jina tu hakutoshi.

Sehemu hiyo usiifute. Mtu aliyeijua bahari miaka yote akalia ni habari nzito, na ina heshima yake ukiisimulia kwa utaratibu: eleza kwanza alichokuwa amekifanya usiku kucha, saa alizoshika usukani bila kupokewa, ndipo uje kwenye machozi. Usiilegeze sauti ukifika hapo, wala usiifanye ya huzuni. Soma kama ulivyosoma mstari uliotangulia.

Kisha mwendee. Usimpelekee karatasi, kaa naye umsomee kwa sauti, kwa kuwa ndivyo itakavyomfikia. Akikuambia kitu usichokijua kuhusu usiku ule, kiingize. Akikataa kabisa, sehemu hiyo iondoke, na ukubali. Fanya hivyo kabla ya kurekodi, maana sauti ikishaingia kwenye mashine, kubadili sentensi moja kunadai urudi studio, na siku ya pili sauti yako haitakuwa ile ile.